Nyumba ndogo ya kuunganishwa kwa shamba la mbali: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Kabla ya kuuliza bei, uliza njia. Ukiwa na kiwanja ndani kabisa ya Kajiado, mbali na lami, nyumba uliyoipenda pichani inaweza kukwama kwenye korongo la mwisho. Kisha uliza maji, kwa sababu huko maji ya ujenzi huja kwa boza na hulipiwa. Nimepanga aina nne za nyumba za kuunganishwa kwa mambo hayo mawili.

Ya kwanza: fremu ya chuma chepesi na paneli za sandwichi. Paneli ni bati mbili zenye kizuia joto katikati. Hufika zimelazwa kwenye lori dogo, vijana wachache huzishusha kwa mikono, na hufungwa kwa boliti na skrubu. Maji ni ya msingi tu. Shida iko katikati ya hizo bati. Wauzaji wengi huweka povu, na povu likishika moto hutoa moshi wa sumu. Pamba ya mawe haiwaki. Ni nzito na ghali zaidi, lakini mahali ambapo gari la zimamoto halitafika, ilipie. Omba kipande kilichokatwa ukione kwa macho. Muuzaji akisitasita, nenda kwingine.

Ya pili: mbao. Sipresi iliyotiwa dawa kiwandani hupoa upesi jioni, na fundi wa kuitengeneza hakosekani. Adui ni mchwa: inua sakafu juu ya nguzo, uweze kuchungulia chini yake.

Ya tatu: kontena. Watu hulipenda kwa uimara, na kweli ni imara. Lakini la futi 20 likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya tani 2, kwa hiyo unahitaji kreni. Upana wa ndani ni kama mita 2.35, na ukiweka kizuia joto unapungua tena. Bila hicho kizuia joto, mchana hakukaliki. Soma kibao cha chuma mlangoni: huonyesha kama mbao za sakafu zilitiwa dawa ya wadudu.

Ya mwisho: paneli za EPS, yaani povu jepesi la plastiki, kama zile za kiwanda cha NHC (Shirika la Taifa la Nyumba), Mavoko. Karibu na mji kama Kitengela ningeziweka juu kabisa. Ila hupigwa plasta ya saruji pande zote mbili, na huko mbali kila debe la mchanga na maji lina nauli yake.

Aina yoyote utakayochagua, pima udongo. Ule mweusi huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na msingi mwepesi huyumba nao. Weka gata na tangi mapema: paa la mita za mraba 40 hupokea lita 40 kwa kila milimita ya mvua. Mkataba utaje nani analipia usafiri hadi kiwanjani penyewe, na ubakize sehemu ya malipo mpaka paa lipite mvua kubwa ya kwanza.