Kidhibiti joto cha PID kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga: uzoefu wangu

Mashine yangu ya kutotolesha ni boksi la mbao lenye feni, hita ya wati 200 na trei za mayai ya kuku. Zamani iliongozwa na themostati ya kawaida, ile ya kuwasha na kuzima. Nikaing'oa, nikafunga kidhibiti cha PID, yaani kinachopimia hita nguvu kidogo kidogo badala ya kuwasha na kuzima tu, pamoja na rilei ya kielektroniki (swichi ya kuwashia hita) ambayo mafundi huiita SSR. Nakisifu, na nitaeleza kwa masharti gani.

Muuzaji atakuonyesha kioo: umeseti 37.5, kinasoma 37.5, mambo safi. Lakini karibu kifaa chochote kitasoma vizuri kikishatulia. Cha kuuliza ni kimefikaje hapo, kimepitiliza digrii ngapi, kimechukua muda gani kutulia. Kwetu umeme unakatika, na kila ukirudi boksi linaanza kupanda upya kutoka pale joto lilipoporomokea. Mwitikio huo, yaani jinsi joto linavyopanda mpaka litulie, ambao mwanafunzi wa uhandisi anauchora mara moja kwenye daftari, mfugaji anakutana nao tena na tena ndani ya siku 21 za kuangua. Ndiyo maana mimi kidhibiti nakipima kwa mchoro: naandika joto kila dakika, naweka muda upande mmoja wa karatasi na digrii upande wa pili.

Mchoro wa themostati ya zamani ulikuwa mawimbi yasiyoisha. Inakata umeme ikifika joto lengwa, lakini hita bado ina moto wake na sensa inachelewa kuuhisi, kwa hiyo joto linaendelea kupanda. Ikiwasha tena, kuchelewa ni kulekule upande wa chini.

PID inapima kosa, yaani tofauti kati ya joto unalotaka na lililopo, na kupunguza nguvu ya hita kadiri kosa linavyopungua. Hiyo ni P. Nilizima I na D makusudi nione P ikifanya kazi peke yake, na hesabu ilikaa sawa na mchoro. Bendi ya P, yaani upana wa joto ambamo nguvu inashuka kutoka kamili hadi sifuri, ikiwa digrii 4 na boksi likihitaji asilimia 40 ya nguvu ya hita ili lisipoe, lazima libaki kosa la digrii 1.6 ndipo nguvu hiyo itoke. Joto linasimama 35.9 na halisogei hata usubiri mpaka kesho. Kazi ya I ni kukusanya kosa hilo dogo kwa muda mpaka liishe. D inaangalia kasi ya joto kupanda na kufunga breki mapema.

Kifaa kina kitufe cha AT, cha kujiseti chenyewe. Kinawasha na kuzima hita kuzunguka joto lengwa, kinapima ukubwa na muda wa mawimbi yanayotokea, kisha kinakokotoa P, I na D. Usikibonyeze mayai yakiwa ndani, kwa sababu mawimbi hayo ndiyo unayoyakimbia. Mimi niliweka chupa za maji kwenye trei badala ya mayai, kwa kuwa boksi tupu hupanda haraka kuliko lililojaa na namba zake zitakudanganya.

Namba za AT sikuzipenda. Kutoka 25 kwenda 37.5 ni hatua ya digrii 12.5, na kilele cha kwanza kilifika 39. Hiyo ni asilimia 12 ya kupitiliza. Katika udhibiti wa viwandani hakuna atakayeshtuka: kanuni maarufu ya Ziegler na Nichols ya mwaka 1942 ililenga kila kilele kiwe robo tu ya kilichotangulia, yaani kupitiliza kulikubaliwa tangu mwanzo. Kiinitete hakiko hivyo. Kinavumilia zaidi ubaridi kidogo wa muda kuliko joto lililozidi. Tena hita inajua kupasha tu, haijui kupoza. Boksi likishapitiliza linasubiri lipoe lenyewe, na ukiwa umelikinga vizuri na upepo ndivyo linavyochelewa. Sababu ya kupitiliza kwenyewe ni ile I: wakati wa kupanda kutoka chini inakusanya kosa kubwa, na kwenye 37.5 bado inasukuma.

Nikapanua bendi ya P na kurefusha muda wa I. Sasa inapanda kwa subira, lakini kilele hakizidi robo digrii. Wahandisi huhesabu muda wa kutulia pale mwitikio unapoingia ndani ya asilimia 2 ya hatua na kubaki humo. Asilimia 2 ya digrii 12.5 ni 0.25, na kiasi hicho ndicho ninachotaka kwa mayai. Wiki ya mwisho, viinitete vikianza kutoa joto lao, nguvu ya hita inashuka yenyewe na 37.5 inabaki palepale. Hapo nilifurahi kweli.

Lawama ninazo. Karatasi ya maelekezo ni maandishi madogo, na hakuna mstari hata mmoja unaomwambia mnunuzi AT itafanya nini kwenye boksi lake. Sensa iliyokuja nacho ni ya aina ya K, ambayo kwa viwango vya kawaida inaruhusiwa kukosea hadi digrii 2.2. Kwa tanuri sawa, kwa mayai hapana. Nilinunua PT100, sensa ya waya wa platinamu, ya daraja A; kwenye joto hili mpaka wake wa kukosea ni kama digrii 0.22. Kipimajoto cha hospitali kinatosha kuihakiki.

Bei ilikaribia mara mbili ya themostati, bila kuhesabu hiyo sensa. Kwa boksi lenye feni nakipendekeza bila kusita. Boksi lisilo na feni lina joto tofauti juu na chini, kwa hiyo hela ianze kwenye feni. Dukani uliza mambo mawili kabla ya kulipa: kama kinapokea PT100, na kama namba ulizoseti zinabaki umeme ukikatika. Changu kinazikumbuka.