Shogi za tanga kwenye baiskeli: uzoefu wangu kutoka Pittsburgh hadi Washington

Hapa Lamu shogi, ile mikoba miwili ya kubebea mizigo ubavuni, ni ya punda. Ndiyo maana fundi anayeshona mikoba ya matanga makuukuu, nilipomwambia nataka shogi za baiskeli, alinitazama kidogo kisha akauliza, "Na huyo punda wako ana futi ngapi?" Nikampa vipimo kwenye karatasi. Jozi moja shilingi 6,500. Aliahidi siku nne, nikazipata siku ya tisa.

Safari yenyewe ilikuwa ya mpwa wangu anayeishi Pittsburgh, Marekani. Kutoka kwake mtu anaweza kufika Washington kwa baiskeli karibu bila kuchangia njia na magari. Kwanza kuna Great Allegheny Passage, njia ya reli ya zamani, kilomita 241 hadi mji wa Cumberland. Kuanzia hapo unafuata kando ya mfereji wa Chesapeake and Ohio, kilomita 297. Tulitumia siku nane mwezi wa Oktoba. Mimi mazoezi yangu yalikuwa barabara ya Mokowe na Hindi, basi.

Sehemu ya reli sina neno nayo, na shogi hazikuwa na neno. Njia imemwagwa changarawe laini ya chokaa, mlima unapanda polepole hadi mita 729, halafu unashuka hadi Cumberland huku unakula tende kwa mkono mmoja. Vumbi jeupe lilishika kitambaa, nikakipiga kofi mbili jioni, likatoka. Nguo, sufuria, kilo mbili za tende, vyote viliingia. Shogi ya kushoto ilikuwa na kiraka chenye alama ya kutu ya pete na nusu ya jina la jahazi, herufi tatu tu zilizobaki. Kila tulipopumzika alitokea mtu wa kuuliza ni nini. Bibi mmoja alipitisha kidole kwenye mshono kama anayesoma.

Mfereji ni habari nyingine. Ulifika Cumberland mwaka 1850, una malango 74 ya kupandishia na kushushia vyombo, na kazi yake ilikuwa hasa kubeba makaa ya mawe hadi ulipofungwa 1924. Vyombo vingi havikuwa na tanga wala injini. Vilivutwa kwa kamba na baghala, wanyama waliozaliwa na punda na farasi, waliotembea ukingoni, na ukingo huohuo ndio njia ya baiskeli leo. Nilicheka peke yangu: kwetu wazee wanakwambia bagala ni chombo, kule baghala ndiye anayekivuta chombo. Na mimi hapo katikati, na shogi zangu.

Tukapata mvua siku ya tano. Ukingo ukawa tope la kinamo, mizizi inateleza, na hapo ndipo tanga lilipoonyesha asili yake: pamba hunywa maji. Kila shogi iliongezeka uzito nikaisikia mapajani. Vitu vya ndani vilinusurika kwa sababu tu nilivifunga kwenye mifuko ya nailoni. Fundi alikuwa amependekeza tupake sifa, yale mafuta ya samaki, kama ubavu wa jahazi, nikakataa kwa ajili ya harufu. Bado nasema nilikataa vizuri, ila nta ningekubali.

Handaki la Paw Paw, ambamo mfereji unapenya mlima, lina urefu wa karibu mita 950 na halina taa. Unashuka, unaikokota baiskeli kwenye kijia chembamba, upande mmoja ukuta wa matofali, upande mwingine uzio wa mbao na maji meusi chini yake. Shogi iliyolowa ilikwaruza ule uzio mwanzo mpaka mwisho. Tulipotoka nje nilitarajia tundu. Kitambaa kilikuwa kimechubuka, hakikutoboka. Hilo nampa fundi, na aliyelisuka lile tanga.

Lakini kesho yake ukanda wa kulia ulichomoka na shogi ikaingia kwenye spoki. Nimshukuru Mungu nilikuwa mwendo wa kobe. Ukanda wote ulikuwa umeshonwa mstari mmoja! Nikafungua mfuko mdogo wa ndani kutafuta kamba, nikakuta fundi ametia sindano ya matanga na uzi uliopakwa nta, bila kuniambia. Nilikaa juu ya jiwe la lango la maji nikashona, mpwa wangu akipampu maji ya kisima cha kambi, maji yenye ladha ya dawa.

Tulimaliza Georgetown, mtaa wa Washington, kwenye nguzo ya maili sifuri iliyojificha nyuma ya jengo la mashua. Hakuna bango, hakuna mtu. Tukaegemeza baiskeli, tukapiga picha, shogi zikinuka kama gati wakati maji yametoka.

Nawashauri mnunue? Kwa njia kavu, ndiyo, bila wasiwasi. Kwa masika, subirini atie bitana ya turubai.

Niliporudi nilimwekea ule ukanda mezani nikamuuliza, kama ulijua nitahitaji sindano, mbona hukushona mara mbili? Akauvuta mshono wangu kwa kucha, haukutoka. "Umeshona wewe hapa? Basi ungekuja kunisaidia mapema." Nimeagiza jozi nyingine, mishono miwili na bitana. Ameniahidi siku nne.