Tripu ya Ol Doinyo Lengai: gari hovyo, ila kijana aliyetupandisha ni moto

Wadau, tumetoka Lengai juzi, ule mlima wa volkano, tulikuwa watu watano kutokea Arusha. Kampuni siitaji ila kwa upande wa gari wametuangusha, Kruza imechoka, vioo havifungi, toka Mto wa Mbu mpaka Engaresero, kijiji cha chini ya mlima, tumekula vumbi tukafika weupe utadhani tunatoka mashine ya kusaga. Tochi za kichwani walizotugawia mbili zikazima hata nusu ya mlima hatujafika, na habari za glovu hakuna aliyetuambia.

Sasa yule kijana wa Kimaasai aliyetupandisha, aisee, hela yangu yote naihesabia kwake. Tulianza saa sita usiku. Mlima una kama mita 2,960 tu, ila hauna kona kona, unaenda nao wima, na sehemu nyingine unatambaa kama mtoto. Akatuambia hii njia ni mfereji, mvua ndo imeuchimba kwenye majivu ya volkano, na majivu yenyewe yakishagandamana yanakuwa kama saruji, basi nikishika pembeni nijivute viganja vinachanika. Karibu na juu akaokota kipande cheupe akanipa nikiminye, kikasagika kama chaki. Anasema hii ni lava, ikitoka ni nyeusi tii, ikipata unyevu ndani ya siku chache inageuka nyeupe halafu inaanza kumomonyoka. Lengai ndo volkano pekee duniani inayotema lava ya aina hii, ina nyuzi 500 na kitu, wakati ya Nyiragongo, volkano ya kule Kongo, inapita 1,000.

Kuhusu 2007 ndo alinoga zaidi, maana alikuwa mdogo anachunga mbuzi. Mwezi wa saba ardhi ikatikisika siku na siku, kuna tetemeko la 5.9 mpaka Nairobi walilisikia, Septemba mlima ukaanza kumwaga majivu ikaenda hivyo mpaka 2008. Kabla ya hapo kreta, yaani lile shimo la kileleni, ilijaa lava mpaka ukingoni inamwagika nje, watu walikuwa wanatembea humo ndani kabisa! Mlipuko ukaifukua, sisi tumefika alfajiri tunachungulia shimo tu, huko chini kitu kinatokota kwa sauti kama uji mzito, na harufu ya kiberiti inakukaba koo.

Kushuka sitaki hata kukusimulia, magoti yangu bado yana kesi na mimi.

Jioni akatupeleka kuona nyayo za watu wa kale, zipo zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyogeuka mwamba, vidole vinaonekana kabisa, nikaweka mguu wangu pembeni yake (sio juu, hairuhusiwi) tukawa saizi moja.

Gari nyota 1, chakula 3 sababu ya kuku mkavu, kijana 5. Mkienda nunueni glovu za mafundi ujenzi hapo Mto wa Mbu, na tochi beba yako.