Keria ya Saris Bones ya kubebea baiskeli mbili kwenye gari dogo

Kwa Vitz au Honda Fit isiyo na ndoano ya kuvutia tela, keria hii inafaa, ila spoila (bawa la juu ya kioo cha nyuma) ikiwa ndefu achana nayo. Hufungwa kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma. Kila baiskeli isizidi kilo 16, kwa hiyo ya umeme sahau.

Miguu ya juu ya keria ikae kwenye bati, kamwe si kwenye kioo. Futa vumbi kwanza. Mchanga ukibaki chini ya mpira wa keria hukwangua rangi. Kaza mikanda ya juu, ya chini, kisha ya pembeni, na uikaze tena baada ya kilomita chache kwa sababu hulegea. Tairi la baiskeli lisikae karibu na ekzosi, litaungua. Pleti namba ikizibwa, trafiki hana msamaha.