Programu ya Meseji za Siri: Uliza Kwanza Bakapu Inalala Wapi

Lalamiko ni lile lile: mtu kahamia programu "yenye kufuli", baadaye anasikia maneno yake kwa watu wengine, na anaapa simu hajamwachia mtu. "Nimedukuliwa," anasema. Mara nyingi hakuna aliyedukua kitu. Meseji zilifungwa njiani kweli, ila bakapu, yaani nakala yake ya akiba, ilikuwa imelala wazi kwenye Google Drive, ghala la mtandaoni la Google, tena kwenye Gmail aliyoifungua muuza simu.

Ndiyo maana hapa hatupangi programu kwa stika wala kwa ubora wa simu za video. Hata kufuli lenyewe tunalipita haraka: WhatsApp inatumia itifaki ya Signal, yaani kanuni zile zile za kufunga meseji, na tangu Aprili 2016 inawafungia watumiaji wote. Njiani zinakaribiana sana. Kinachozitenganisha ni bakapu.

1. Signal

Upendeleo wetu uko hapa na hatuuombei radhi. Signal haipeleki meseji zako Google Drive wala iCloud, ghala la Apple. Picha uliyotumiwa haishuki kwenye galari mpaka uihifadhi mwenyewe. Mwaka 2016 ilipodaiwa data ya mtumiaji kwa amri ya kisheria huko Marekani, ilichokuwa nacho cha kutoa ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na siku ya mwisho kuingia mtandaoni.

Septemba 2025 ilianza kutoa bakapu yake yenyewe, kwanza kwenye Android: bure unapata MB 100 za meseji pamoja na picha na video za siku 45 za mwisho, ukitaka GB 100, ni dola 1.99 kwa mwezi. Bakapu inafungwa kwa ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Uandike kwenye karatasi. Usiupige skrinshoti, kwa sababu skrinshoti huingia galari, galari hupanda Google Photos, na hapo umerudi ulikotoka. Ufunguo ukipotea, Signal yenyewe haiwezi kukusaidia.

Kasoro yake ni kudai namba ya simu, na laini zetu tunajua zinavyoibwa kwa kusajiliwa upya. Weka PIN, kisha washa kufuli la usajili, ili mwenye laini yako asiisajili Signal bila PIN hiyo. Halafu ingia kwenye faragha ya namba, uchague isionekane na mtu yeyote. Tangu 2024 unaweza kuwapa watu jina la mtumiaji badala ya namba.

2. WhatsApp, kwa masharti

Fundi yuko huko, kamati ya harusi iko huko, huwezi kuikwepa. Lakini ilivyo ikitoka dukani, bakapu yake haina kufuli la mwisho hadi mwisho, lile ambalo ufunguo wake unao wewe tu. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya gumzo, kisha bakapu ya gumzo. Kwanza soma ni Gmail ya nani iliyoandikwa pale. Kama si yako, ingia Google Drive, tafuta orodha ya bakapu, ufute ya WhatsApp, ndipo ubadilishe akaunti. Ukibadilisha tu bila kufuta, nakala ya zamani inabaki kwa mwenye Gmail ile. Baada ya hapo washa bakapu iliyosimbwa mwisho hadi mwisho, kwa nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64.

Kwa iPhone kuna mtego mwingine. Ukiwa umewasha bakapu ya simu nzima kwenye iCloud, gumzo linaweza kupanda humo humo bila kufuli hilo. Nenda kwenye orodha ya programu zinazohifadhiwa iCloud, uizime WhatsApp.

Bado picha. WhatsApp huzishusha kwenye folda ya WhatsApp Images, na kama Google Photos imeruhusiwa kuipandisha folda hiyo, kitambulisho ulichotumiwa asubuhi kiko mtandaoni kabla ya chai. Zima kuonekana kwa media (picha na video) kwenye galari. Na unayeongea naye afanye yote haya pia, maana meseji zako ziko kwenye bakapu yake vilevile.

3. Threema

Ya Uswisi, hulipiwa mara moja, haidai namba. Unapewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 8. Angalia: Threema Safe, bakapu yake, huhifadhi kitambulisho, orodha ya watu wako na vikundi, haihifadhi mazungumzo. Ni nzuri, ila utakaa humo peke yako.

Zilizobaki

Session haina namba, ina maneno 13 ya kurejesha akaunti. Sawa kwa anayeihitaji kweli. Telegram ni ya mwisho: gumzo la kawaida linakaa kwenye seva (kompyuta) zao na funguo wanazo wao, na vikundi havina kabisa gumzo la siri, lile lenye kufuli la mwisho hadi mwisho. GBWhatsApp, ile WhatsApp iliyochezewa na watu wasio WhatsApp wenyewe, haistahili hata nafasi. Umempa mtu usiyemjua programu nzima, sasa unamficha nani?

Tukirudi kwa wauza simu: wanatoza hela ya "kuweka WhatsApp", programu ambayo ni ya bure, wanafungua Gmail kwa nenosiri wanalolijua wao, halafu mteja anaondoka hata hiyo Gmail haijui. Ukiuliza unaambiwa "haina shida, mama". Shida ipo. Kama simu ilishafunguliwa hivyo, usikimbilie kuifuta kwa vitufe vya pembeni, kwa sababu ikiwaka tena itadai Gmail ile ile na utarudi dukani kulipa mara ya pili. Ingia Mipangilio, sehemu ya akaunti, uiondoe Gmail ya muuzaji ukiwa bado umesimama kaunta. Ndipo uifute simu kutoka humo humo kwenye Mipangilio, na ufungue akaunti yako kwa mkono wako.