Ovaroli za theluji za mtumba: zimenifaa, ila glavu zimeniliza

Tunaishi Munich na kila baridi ikifika watoto wangu (wa miaka 6 na wa 3) wananichosha, mama lini tunaenda kwenye theluji nyingi, maana ya hapa mjini ikilala asubuhi mchana ishakuwa tope. Basi mwezi wa pili tukapanda treni hadi Garmisch, kama saa moja na nusu hivi, chini ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962.

Ovaroli nilichukua mbili kwenye duka la mtumba wa watoto mtaani kwetu, euro 18 kila moja. Nilikuwa na wasiwasi kama bado zinazuia maji, nikaziingiza bafuni nikamwagia magotini na makalioni, maana mtoto akicheza hapo ndo panalowana kwanza. Moja maji yaliteleza kama kwenye jani la mgomba, ya pili ikayanywa yote. Nikairudisha, dada wa dukani wala hakubisha, akanipa nyingine. Hapo nawapa nyota tano kamili.

Siku tatu wameteleza na sledi, kile kibao cha kutelezea kwenye theluji, wamejigaragaza, mgongoni hakuna hata tone. Bibi yao Tanga kuona video akauliza, "nyie mmewavalisha watoto au mmewafunga magodoro?"

Shida ya hizi ovaroli ni choo jamani. Ushafunga zipu hadi kidevuni, ushavisha buti, uko mlangoni, mdogo anakwambia mama mkojo. Zipu nayo ikakwama katikati, nikamalizia kufua. Kama wako katoka kwenye nepi juzijuzi chukua suruali yenye mikanda ya mabegani na koti lake pembeni.

Sasa glavu. Nilinunua mpya mtandaoni, imeandikwa kabisa haipitishi maji, nusu saa tu vidole vimelowa mtoto analia hadi watu wanageuka. Nyota moja, na hiyo moja ni ya rangi. Tukakimbilia kununua zile za mfuko, gumba peke yake vidole vingine vinakaa pamoja vinapashana joto, kilio kikaisha. Beba jozi mbili, moja ikauke moja ivaliwe.

Na soksi msirudie ujinga wangu, siku ya kwanza niliwavalisha mbilimbili nikajiona mjanja, kumbe buti zinabana damu haitembei vizuri miguu inakuwa barafu. Moja ya sufu inatosha, pamba hapana, ikishika jasho ndo basi.

Losheni ya jua pia, sisi weusi tunajisahau, wakati theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya ile miale inayounguza. Mimi nilipaka mafuta ya mgando tu, jioni pua ya mkubwa imechubuka.

Ovaroli ya mkubwa ishaanza kumbana mabegani, mwakani anairithi mdogo na mimi narudi dukani kwa yule dada, zipu nitaijaribu mara kumi kabla sijalipa.