Vitabu vya Sauti vya Upelelezi na vya Safari: Maoni ya Msikilizaji

Riwaya ya upelelezi inaposomwa kwa sauti, msomaji hupewa kazi ngumu: anamjua muuaji tangu sentensi ya kwanza, na hata hivyo hapaswi kuiacha sauti yake imfichue. Kwa kipimo hicho, sijasikia kazi inayoushinda usomaji wa Hugh Fraser wa The Murder of Roger Ackroyd, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1926. Fraser, ambaye watazamaji wa televisheni wanamfahamu kama Kapteni Hastings katika tamthilia za mpelelezi Poirot, anaisoma simulizi ya Daktari Sheppard kwa sauti ya mtu mstaarabu aliyechoka kidogo, wala habadilishi mwendo mahali ambapo maneno yametegwa. Poirot anapoonekana mara ya kwanza, daktari anamdhania kuwa kinyozi mstaafu. Mung'unye lililorushwa kwa hasira linapita juu ya ukuta, linampitia daktari karibu na sikio na kupasuka miguuni pake, na Fraser anayatamka hayo bila kucheka, jambo linalomfanya msikilizaji acheke peke yake. Caroline, dada wa daktari, ambaye kwa umbea hana mpinzani kijijini, amepewa kasi na udadisi bila kuigiziwa sauti ya kike ya kubana pua, kasoro ninayoichukia mno kwa wasomaji wengi wanaume.

Hasara ipo. Kitabu kilichochapishwa kina ramani ya nyumba na ya chumba alimouawa Ackroyd, nazo huwezi kuzisikia. Isitoshe, mawazo yakihama kidogo foleni inapoanza kusogea, hukumbuki tena Raymond ni nani na Blunt ni nani. Nashauri kasi ya kawaida. Anayeisikiliza riwaya ya namna hii kwa kasi ya moja na nusu anajinyima mwenyewe fununu alizozilipia.

The No. 1 Ladies' Detective Agency ya Alexander McCall Smith, iliyotoka mwaka 1998, haina fumbo la kukukosesha usingizi, na anayetaka damu atafute kwingine. Thamani yake kwa sikio ni Lisette Lecat, mwigizaji mwenye asili ya Afrika Kusini, ambaye majina ya Botswana hayamkwami kinywani, na anayemwacha Mma Ramotswe, mwanamke aliyefungua ofisi yake ya upelelezi kwa fedha za ng'ombe wa marehemu baba yake, azungumze taratibu kama mtu mzima anayeheshimiwa mtaani. Natamani Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, apate msomaji wa Unguja mwenye subira kama hiyo.

Kwa vitabu vya safari naamini kinyume: asome aliyesafiri, hata kama hakufundishwa kusoma. Bill Bryson alisoma mwenyewe In a Sunburned Country, kitabu cha mwaka 2000 kuhusu Australia, na kwa ufundi mtupu angeshindwa na mwigizaji yeyote, kwani sauti yake ni ya chini na mara nyingine humeza mwisho wa sentensi. Lakini anapoeleza jinsi Waziri Mkuu Harold Holt alivyoingia baharini kuogelea mwaka 1967 asionekane tena, mshangao wake kwamba dunia imelisahau jambo zito kiasi hicho ni wake mwenyewe, hajauazima. Sura za historia ni ndefu kupita kiasi. Nimeziruka baadhi, na safari haikupungua.

Asiyetaka kulipa anaweza kupakua bure kazi zisizo na hakimiliki kutoka LibriVox, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza mwaka 2005. Ubora hutofautiana sana, na baadhi ya vitabu hugawanywa sura kwa sura kati ya wasomaji mbalimbali. Kwa masimulizi ya safari, mabadiliko hayo yanavumilika. Kwa upelelezi, ambapo mpelelezi aliyelala Mwingereza anaamka sura inayofuata akiwa Mmarekani, chagua toleo lililosomwa na mtu mmoja, usikilize dakika chache, kisha ndipo utumie bando lako.